Nyumba ya Askari: Umeme Ukirudi, Nani Atatangaza Anwani Mpya?

Katika mitaa ya Buyenzi, mjini Bujumbura, ambako barabara hujulikana kwa namba na Kiswahili husikika tangu alfajiri hadi usiku wa manane, umeme hukatika bila kupiga hodi na hurudi vivyo hivyo. Friji huanza kunguruma tena, taa ya uani iliyosahauliwa huwaka, na redio iliyoachwa wazi huendelea na habari kana kwamba haikunyamaza kamwe. Vyombo hivi havimngoji mtu. Lakini kimo chombo kimoja ambacho katika nyumba nyingi hurudi nusu tu: huwasha taa yake, huzungusha feni yake, kisha husimama kikingoja mtu aje aandike neno la siri. Chombo hicho ni kompyuta ya nyumbani, na safu ya juma hili yahusu kazi moja ambayo kompyuta hiyo haina budi kuifanya yenyewe hata kama nyumba nzima imelala.

Na ichukuliwe kwa mfano familia moja. Baba ni askari, na yuko Bangui pamoja na kikosi cha Burundi katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa uitwao MINUSCA, ulioanza mwaka 2014. Mama amebaki Buyenzi na watoto wanne, na mbele ya nyumba ana duka la vitenge. Katika chumba cha nyuma kuna kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa sanduku la viatu vya mtoto. Humo zimo picha za harusi, nakala za vyeti vya kuzaliwa, nakala ya hati ya kiwanja, na daftari la wadeni wa duka. Kamera ya langoni nayo hupeleka picha zake humo humo. Kila jioni baba, akishatoka zamu, huandika katika simu yake jina la nyumba, akaona nani amelipa na nani bado, akajumlisha hesabu za siku, akamwachia mkewe maneno mawili pembeni mwa ukurasa. Kwa njia hiyo, ijapokuwa yuko mbali, hajawa mgeni nyumbani kwake.

Kabla baba hajasafiri, fundi wa mtaani aliweka katika kompyuta hiyo programu ndogo ya kutangaza anwani. Aliifungua, ikaonekana kwenye kioo, naye akaonya: "Mama, dirisha hili usilifunge." Mama hakulifunga kwa miezi mitatu. Usiku mmoja wa mvua umeme ulilifunga kwa niaba yake.

Asubuhi taa ya kijani ya kompyuta ilikuwa ikiwaka kama kawaida. Jioni, kule Bangui, baba aliandika jina la nyumba; simu ikahangaika kitambo, kisha ikakata tamaa. Siku ya pili mambo yalikuwa yale yale. Askari aliye mbali hana njia ya kutofautisha kompyuta iliyosimama na nyumba iliyopatwa na jambo, na usiku mrefu humletea mawazo mabaya kabla ya mema. Alipiga simu.

"Mama watoto, mmeizima mashine?"

"La, baba watoto. Taa yake inawaka, na leo asubuhi nimeipangusa vumbi."

"Mbona basi nyumba siioni?"

"Huenda huko kwenu ndiko kubaya. Sisi tupo, na watoto wote wazima."

Walikuwa wazima kweli. Lakini jioni ya tatu baba aliandika jina lile lile, na safari hii likaitika. Ukatokea ukurasa unaodai jina la mtumiaji na neno la siri. Kwa furaha aliandika, ukamkatalia. Akaandika tena, ukamkatalia. Mara ya tatu, akidhani amesahau, alijaribu neno la siri la barua zake. Ule haukuwa mlango wa nyumba yake. Namba ambayo nyumba yake iliiacha usiku wa mvua ilikwisha kupewa mteja mwingine wa kampuni ile ile ya intaneti, naye alikuwa na mashine yenye ukurasa unaofanana. Baba alikuwa amesimama gizani mbele ya nyumba ya mtu asiyemjua, akijaribu funguo zake zote moja baada ya moja.

JINA HUKAA, NAMBA HUHAMA

Jambo hili si geni kwa wanajeshi, ingawa chombo ni kipya. Askari wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944, wakiwamo wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, hawakuandikiwa barua kwa jina la kijiji walimokuwa wamelala. Bahasha ilibeba namba ya askari, jina lake na kikosi chake. Posta ya jeshi ndiyo iliyojua kikosi kiko wapi. Nayo ilijua kwa sababu kikosi kilipohama kilitoa habari. Mwandishi wa barua, aliyekuwa kijijini kwake, hakuhitaji kujua lolote zaidi.

Intaneti ina utaratibu wa namna hiyo. Kila chombo kinachofikiwa moja kwa moja hufikiwa kwa namba. Namba za mtindo uliowekwa mwaka 1981, ambao bado unatumika katika nyumba nyingi, haziwezi kuzidi 4,294,967,296 kwa dunia nzima. Wakati ule zilionekana kuwa hazina isiyokwisha. Februari 2011 mafungu makubwa ya mwisho yaligawiwa kwa mashirika matano ya kanda, likiwamo AFRINIC la Afrika lenye makao yake Mauritius, na tangu hapo ghala kuu la dunia ni tupu. Madhali namba ni chache, kampuni ya intaneti humwazima mteja wa nyumbani namba, haimpi iwe yake. Ruta ikizimika na kuwaka yaweza kurudishiwa ile ile, na yaweza kupewa nyingine. Ndiyo maana nyumba yaweza kulala na anwani moja na kuamka na nyingine bila hata kiti kusogezwa.

Majina ndiyo yanayookoa. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina ya kompyuta zote za mtandao uliotangulia intaneti yaliandikwa katika faili moja lililotunzwa kwenye taasisi ya utafiti ya Stanford, California. Aliyehama alipeleka habari, karani akasahihisha, wengine wakanakili. Kazi hiyo ikawalemea. Mwaka 1983 Paul Mockapetris wa Marekani alitoa mpango wa DNS, yaani mfumo wa daftari la majina lililogawanywa, kila mwenye eneo akitunza ukurasa wake. Aprili 1997 ukachapishwa utaratibu wa kuwezesha chombo chenyewe kubadilisha maandishi ndani ya daftari, pasipo mkono wa karani, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 kampuni kama DynDNS na No-IP zikaanza kuwahudumia watu wa kawaida ambao namba zao hazikai mahali pamoja.

Programu ya kutangaza anwani, basi, hufanya kazi nyepesi. Kila baada ya dakika kadhaa huuliza seva iliyoko nje: "Waniona kwa namba ipi?" Hulinganisha jibu na namba iliyoiandika mara ya mwisho. Zikiwa sawa, hunyamaza. Zikitofautiana, hupeleka kwa kampuni inayotunza jina habari tatu: jina la nyumba, neno la siri, na namba mpya. Kampuni husahihisha daftari. Kila maandishi ya daftari hubeba muda wa kuaminiwa, na kwa majina ya namna hii muda huo huwekwa mfupi, mathalani dakika moja au tano, ili seva za mbali zisiendelee kukumbuka namba ya zamani. Kwa hiyo nyumba iliyohama saa tisa usiku ingeweza kuonekana tena kabla ya saa tisa na robo, ikiwa programu iko macho. Neno zito ni hilo la mwisho.

PROGRAMU YA MTU NA HUDUMA YA MASHINE

Katika kompyuta kuna programu za namna mbili. Ya kwanza ni mali ya mtu. Huanza baada ya mtu kujitambulisha kwa jina na neno la siri, hukaa mbele ya macho yake, na hufa anapotoka. Programu ya kuandikia barua ni ya namna hiyo, na hakuna ubaya: barua ya nini ikiwa mwandishi hayupo? Ya pili ni mali ya mashine yenyewe. Huanza pale mashine inapowaka, kabla ya mtu yeyote kujitambulisha, hufanya kazi pasipo dirisha wala kelele, na mashine huiinua tena ikianguka. Hii huitwa huduma ya mfumo. Fundi wa Buyenzi aliichukua kazi ya namna ya pili akaiweka katika namna ya kwanza. Ni sawa na kumpa mtu ulinzi wa lango kwa sharti kwamba asishike lindo mpaka mwenye nyumba amwamshe. Nyumba ile ilikuwa na mlinzi, ila alikuwa ndani, amelala, na aliyejua kumwamsha alikuwa mwana mkubwa anayesoma shule ya bweni mbali na Bujumbura. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na neno la siri la kompyuta.

Wapo mafundi wanaokwepa kazi kwa kuiagiza kompyuta ijiingize yenyewe bila kuuliza neno la siri. Ugonjwa unatibiwa kwa ugonjwa. Siku mwizi atakapoibeba kompyuta hiyo kwapani, atakapoichomeka umeme kwake, itamfungulia picha za harusi, vyeti na hati ya kiwanja kama vile yeye ndiye baba mwenye nyumba.

Njia iliyo sawa si ngumu. Katika kompyuta za Linux za jamii ya Debian, na katika Raspberry Pi ambazo mafundi wengi wanazipenda kwa bei na udogo wake, iko programu iitwayo ddclient. Ikishawekwa na kuandikiwa jina la nyumba, amri ya systemctl enable ddclient huiandikisha katika orodha ya wanaoamka pamoja na mashine. Katika kompyuta za Windows, programu nyingi za kampuni hizi humwuliza fundi wakati wa kuzifunga kama anataka zikae kama huduma ya mfumo. Fundi mwenye haraka hupita swali hilo bila kulisoma. Aidha ruta nyingi zina programu hii tayari ndani yake, na mahali hapo ndipo bora kuliko pote, kwa kuwa ruta ndiyo inayopokea namba mpya na ndiyo ya kwanza kujua. Fundi na aanzie huko. Kampuni ya jina ikiwa haimo katika orodha ya ruta, ndipo ageukie kompyuta.

Lakini kuandikishwa peke yake hakutoshi, na hapa ndipo kazi ya fundi mzuri inapotengana na ya fundi wa haraka. Na ifuatwe saa ile ya usiku, dakika kwa dakika. Umeme unarudi. Je, kompyuta inawaka? Raspberry Pi huwaka mara tu ipatapo umeme, lakini kompyuta nyingi za kawaida hubaki zimezimika mpaka mtu abonyeze kitufe. Ndani ya mipangilio yake ya awali, ile inayofikiwa kabla mfumo haujapanda, mna mahali pa kuamua afanye nini umeme ukirudi. Ibadilishwe hapo, iamriwe kuwaka. Bila hilo, huduma iliyowekwa kwa ustadi wote itabaki imelala katika mashine iliyolala.

Sasa kompyuta imewaka, nayo yaweza kuwa tayari kabla ya ruta. Ruta huchukua dakika moja, mbili, pengine zaidi, kupata njia na namba. Huduma ikiuliza "Waniona kwa namba ipi?" katika dakika hiyo, haipati jibu. Ikiwa imewekwa kwa namna ya kuuliza mara moja na kuondoka, mambo yamekwisha: itaonekana imefanya kazi, ilhali haikufanya lolote. Hapana budi iagizwe kungoja mtandao, kurudia kila baada ya dakika tano, na kuinuliwa tena ikianguka. Dakika tano zatosha. Wapo wanaodhani kurudia kila sekunde ni bidii. Kampuni huona ni usumbufu na huweza kulifungia jina.

Kisha kuna saa ya kompyuta, jambo ambalo wachache hulikumbuka. Raspberry Pi za matoleo ya kwanza hadi la nne hazina betri ya kuilinda saa, na toleo la tano lina nafasi ya betri ambayo aghalabu huachwa tupu. Umeme ukikatika saa husimama, na ukirudi mashine hudhani ni wakati ule ule wa kuzimika, mpaka iulize wakati kutoka mtandaoni. Ikiwa ilikaa gizani kwa muda mrefu, saa iliyobaki nyuma sana yaweza kuifanya iukatae muhuri wa seva ya kampuni kwa kuuona kuwa bado haujaanza kutumika, na habari ya namba mpya isiende. Dawa ni hiyo hiyo ya kurudia: saa ikisahihishwa, jaribio linalofuata hupita.

Mwisho wa kazi hiyo ya usiku, huduma iandike katika daftari la matukio: saa, namba ya zamani, namba mpya, na jibu la kampuni. Bila maandishi hayo, mama na fundi watabaki wakibishana juu ya taa ya kijani.

SHERIA MOJA KABLA YA KUMLIPA FUNDI

Kuna nyumba ambazo kazi hii yote haizifai. Kampuni nyingi, hasa zinazotoa intaneti kwa laini ya simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya namba moja. Mteja hupewa namba ya ndani tu, kama chumba katika hoteli yenye mlango mmoja wa barabarani. Aprili 2012 lilitengwa fungu maalumu la namba kwa ajili hiyo, zianzazo na 100.64 hadi 100.127. Mwenye nyumba aangalie katika ukurasa wa ruta namba iliyopewa kutoka nje. Ikiwa ni ya fungu hilo, au yaanza na 10, au na 192.168, basi jina litatangaza namba ya hoteli, na mgeni akifika hapo hatajua aelekee chumba gani. Kumwongezea fundi fedha hakubadilishi jambo. Ama kampuni iombwe namba ya wazi, kwa malipo ikiwa inazo, ama kompyuta ya nyumbani iwekewe njia ya VPN ambayo yenyewe hutoka nje na kukutana na simu ya baba kwenye seva iliyo katikati. Uchunguzi huu huchukua dakika mbili, na yafaa ufanywe kabla ya pesa kutoka mfukoni.

MLANGO ULIOTANGAZWA UNAHITAJI KITASA

Jina likishatangazwa, halitangazwi kwa baba peke yake. Dunia nzima yaweza kubisha. Mnamo tarehe 21 Oktoba 2016 kampuni ya Dyn, ile iliyozaliwa na DynDNS, ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi, na kwa saa kadhaa watu wengi wa Marekani na Ulaya hawakuweza kufikia Twitter, Spotify na majina mengine makubwa. Jeshi lililotumika halikuwa la kompyuta za wataalamu. Lilikuwa la vifaa vya majumbani, zikiwamo kamera za ulinzi, vilivyotekwa na programu mbaya iitwayo Mirai. Silaha yake ilikuwa orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, takriban 60 tu, ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha. Kamera iliyonunuliwa ili kumzuia mwizi langoni ilifanywa mwizi wa mbali, na mwenyewe akiwa mezani anakula.

Kwa hiyo kamera isifunguliwe moja kwa moja kwa nje. Ulio bora ni mlango mmoja tu wa VPN, mathalani WireGuard, ambao hauitiki hata kidogo kwa mtu asiye na ufunguo. Laiti baba wa mfano huu angekuwa na mlango wa namna hiyo, jioni ile ya tatu simu yake isingepeleka neno lolote la siri kwa nyumba ya mgeni. Ufunguo usingelingana, na pangekuwa kimya. Liko jambo moja la kukumbuka: mara nyingi VPN hiyo hulitafuta jina pale tu inapofunguliwa. Nyumba ikihama katikati ya mazungumzo, simu huendelea kubisha kwenye namba ya zamani. Askari aizime na kuiwasha VPN upya kabla hajaanza kuwa na wasiwasi.

Huduma yenyewe isipewe mamlaka ya mkuu wa mashine. Itengenezewe mtumiaji wake mdogo, asiye na haki ya kugusa vyeti wala picha, na faili lenye neno la siri la kampuni lisomwe na huyo peke yake. Akitekwa, atekwe na daftari lake tu.

Kuhusu kuchagua jina, familia za askari na polisi zina tahadhari yao wenyewe. Jina la intaneti husomwa na yeyote. Lisibebe namba ya jeshi, cheo, kikosi wala mtaa. Jina la ua au la tunda litafaa kama jingine lolote, na halitamwambia mtu kwamba mwenye nyumba hayupo. Wala kamera ya langoni isielekezwe kwa namna itakayoonyesha sare zikianikwa kwenye kamba na saa ambazo gari la kazini hupita.

Kampuni za majina nazo ni binadamu. Mei 2014 DynDNS ilifunga majina yake ya bure. Tarehe 30 Juni mwaka huo huo, kwa amri ya mahakama ya Marekani, Microsoft ilichukua majina kadhaa makuu ya No-IP ili kuwazuia wahalifu waliokuwa wakijificha humo, na mamilioni ya wateja wasio na hatia walipotewa na nyumba zao kwa siku chache. Anayetumia jina la bure na asome masharti: kampuni nyingine hudai mteja athibitishe kila baada ya siku 30 kwamba bado analitaka, na barua ya kumkumbusha huenda kwenye anwani ambayo familia huenda haiifungui. Jina la pili kutoka kampuni nyingine, likitangazwa na huduma ile ile, hugharimu mistari michache tu katika faili.

JARIBIO LA KABLA YA SAFARI

Familia ya Buyenzi ilipata nafasi ya kurekebisha mambo mwana alipokuja likizo. Aliingia kwa neno lake la siri, na dirisha lile la fundi likafunguka, likapeleka namba mpya. Bangui ikaiona nyumba siku hiyo hiyo. Baba alibadilisha maneno yake ya siri yote, la barua likiwa la kwanza. Kisha mwana akaiondoa programu ya dirishani, akaiweka kama huduma ya mfumo, akaiamuru kompyuta kuwaka umeme ukirudi. Neno la siri la kompyuta akaliandika kwa kalamu katika daftari la mama, lile analolifungia sandukuni pamoja na vyeti vyenyewe. Mama akamwuliza kama sasa imepona. Kijana akajibu kwamba hajui mpaka izimwe.

Jibu hilo lilikuwa la kiaskari. Jumamosi adhuhuri, duka likiwa limefungwa, mama alishusha swichi kuu. Ruta ikazimika, kompyuta ikazimika, friji ikanyamaza. Wakangoja nusu saa. Swichi ikapandishwa, na hakuna aliyeingia chumba cha nyuma. Mdogo wao wa miaka sita aliwekwa mlangoni kuhakikisha. Kijana alitoka hadi barabarani na simu iliyozimwa Wi-Fi ya nyumbani, akitumia laini yake ya simu. Hilo ni la lazima, kwa sababu ruta nyingi haziwezi kumpokea mtu wa ndani anayebisha kwa jina la nje, na jaribio likifanywa sebuleni laweza kuonyesha kushindwa pasipo kosa, au kufaulu pasipo ukweli.

Mara ya kwanza nyumba haikuitika. Dakika ya sita ikaitika. Daftari la matukio lilionyesha kwamba huduma ilikuwa imeamka kabla ya ruta, ikauliza, ikakosa jibu, ikangoja dakika tano, ikauliza tena. Namba ilikuwa mpya. Mama alitaka iandikwe, naye akainakili mwenyewe katika daftari lake, chini ya neno la siri, pamoja na saa: saba na dakika arobaini na moja mchana. Saa hiyo Bangui ilikuwa saa sita na dakika arobaini na moja, na baba, aliyekuwa ameambiwa angoje, alikwisha kuacha maneno mawili pembeni mwa ukurasa wa wadeni, akiuliza kwa nini mteja wa vitenge vitatu vya Idi bado hajalipa.